Sauti ya Kuanzisha

Koko alinipa kazi ya kumzika nikiwa namkata kucha za miguu. Ndivyo alivyokuwa: maneno mazito alikuwa anayatoa ukiwa umeshika kitu chenye ncha. Tulikuwa sebuleni kwetu, Richfield, huku Marekani, ndege zinapita juu ya paa kama kawaida yake, na yeye amenyoosha mguu wake mkavu juu ya paja langu. Ni bibi yangu, mama yake Mama. Kwetu Kongo ya mashariki bibi ni koko, kwa hiyo sitamwita vinginevyo.

"Weye," akasema. "Siku yangu ikifika, usimwachie yule shemasi aanzishe. Utaanzisha weye."

"Koko, jamani. Nakukata kucha, unaniletea habari za kufa."

"Kucha zinakatwa na masikio? Kata, huku unasikia."

Kuanzisha ni kazi, asikudanganye mtu. Watu wetu wakizika hawagawi karatasi zenye maneno, wala hakuna kinanda. Mtu mmoja anatupa mstari wa kwanza, wengine wanaupokea, na jeneza linashuka juu ya sauti hizo. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikozaliwa na kukua mpaka nikavunja ungo, mwanzishaji alikuwa Koko. Walikuwa wanakuja kumchukua kutoka upande wa pili wa kambi aende kumwanzishia marehemu ambaye hajapata hata kumwona. Na sauti yenyewe sasa! Nzito, imekwaruzwa, inakatika mwishoni mwa mstari kama kamba mbovu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini wanamwita yeye na si shemasi, mwenye sauti tamu ya kubembeleza watoto.

"Huyo sauti yake iko muzuri mno," alinijibu. "Akianza, watu wanakaa kumusikiliza. Sauti ya kuanzisha lazima iwe na mlango. Watu waone pa kuingilia."

Nilidhani ni wivu tu. Na wivu ulikuwemo, tusifichane, maana shemasi naye tulikuja naye mpaka huku Marekani, na Koko hakuacha kumsema.

Wimbo aliotaka ni ule wa kambini, mfupi, hakuna anayejua nani aliutunga. Mwanzishaji anasema, "Njia imenichosha." Watu wanajibu, "Tua mzigo, tua." Mwanzishaji anasema, "Wangu wamenitangulia." Watu, "Tua mzigo, tua." Mistari inabadilika, jibu halibadiliki. Koko alikuwa na imani yake kuhusu wimbo huo, ambayo mchungaji hakuipenda sana: kwamba maiti hajitui mzigo mwenyewe. Anaambiwa na watu. Asipoambiwa, anabaki amesimama njiani na mzigo wake kichwani, anangoja.

"Apa," akaniambia siku ile ya kucha.

"Haki ya Mungu, Koko, nitaanzisha."

"Bon, vema. Sasa malizia kidole hicho, kinauma."

Mwaka huo huo nilikuwa nimekubaliwa chuo kikuu, Minneapolis, kusomea uimbaji. Uimbaji wa klasiki, ule wa kusimama kando ya piano kubwa bila kipaza sauti. Mama alilia. Sisemi alisikitika, alilia, ameketi kwenye ukingo wa kitanda na sare yake ya kazini, maana anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na mabinti wote wa kanisa letu walikuwa wanasomea uuguzi.

"Kuimba?" akasema. "Kuna mtu anafundishwa kuimba? Si unaimba kila Jumapili bila kufundishwa?"

"Mwache mke mwenzangu," Koko akadakia kutoka sebuleni. Alikuwa ananiita mke mwenza kwa utani, kwamba na mimi ni mke wa marehemu babu, tena mke mdogo anayependelewa. "Kuimba ni kazi. Miye nimezika kambi nzima kwa mdomo huu."

Mama akafuta machozi akaenda kazini. Hakunikataza. Ila kwa muda mrefu, akiulizwa na watu ninasomea nini, alikuwa anajibu, "Bado anaanza," na kubadilisha mazungumzo.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, nywele nyeupe amezikata fupi, kikombe cha chai ya tangawizi hakimtoki mkononi. Siku ya kwanza aliniambia niimbe chochote ninachokipenda. Nikaimba wimbo wa kanisani. Mstari wa kwanza ulipokwisha nikanyamaza. Yeye akangoja. Na mimi nikangoja. Tukatazamana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia.

"Umesahau maneno?" akaniuliza.

"Hapana."

"Sasa unasubiri nini?"

Lo, aibu! Ningemwambiaje kwamba nawasubiri watu? Sikuwa nimekusudia kusimama. Mwili ulisimama wenyewe, kwa sababu maisha yangu yote, mstari wa kwanza ukiisha, kuna watu wanakuja.

Hakunicheka. Alinieleza kwa upole kwamba kila mwisho wa mstari ninaiachilia pumzi kabla ya wakati, ninaidondosha chini kama mtu aliyechoka kubeba. Sauti inabebwa mpaka mwisho, akasema, na kupita mwisho. Usiache pengo. Ukumbi ni mkubwa, uko peke yako. "Hapa hakuna mtu atakayekuja kukuokoa," aliongeza huku anacheka, na mimi nikacheka kwa heshima.

Basi nikaanza. Nililala chali kwenye zulia na kitabu kizito juu ya tumbo, ninakipandisha na kukishusha kwa pumzi. Nilitoa hewa kwa meno kama gurudumu lililochomwa msumari. Nilijifunza irabu za Kiitaliano, ambazo kumbe ni zile zile zetu, na hicho ndicho kitu pekee nilichowazidi wenzangu. Maana kwa mengine walikuwa wamenipita mbali. Wengi wameanza piano kabla hawajaota meno ya pili. Mimi do-re-mi nilikuwa naijua mdomoni, nimefundishwa na Koko, lakini nukta za kwenye karatasi zilikuwa zinanitoa jasho. Katika chumba changu cha mazoezi, kidogo, kuta zimefunikwa kitambaa kinachomeza sauti, nilikuwa nasikia mtu wa chumba cha pili akipanda na kushuka na klarineti yake bila kukosea hata mara moja. Nilimchukia mtu yule na sikuwahi kumwona. Nina hasira za karibu mimi, nimezirithi, na mwaka ule zilinifaa kuliko kipaji.

Halafu ikaja. Majani ya miti yalikuwa yameanza kuanguka, nilikuwa kwa mwalimu, naimba kitu nilichokiimba mara mia, na ghafla ikatoka sauti ambayo sikuijua. Kubwa, ya mviringo, haina mkwaruzo. Ilikuwa kama imetoka nyuma yangu. Mwalimu akakiweka kikombe mezani. Sikuwa nimewahi kumwona akikiweka kikombe kile mezani.

Niliipenda. Niliipenda mno, wala sioni haya kusema. Nilikwenda kupanda treni nimejifunika skafu mdomoni, kama mtu aliyebeba yai.

Kwaya yetu inaimba mchana, kwenye jengo la Wazungu wanaotuachia wakimaliza ibada yao. Jumapili iliyofuata nilikaa mahali pangu pa siku zote, benchi la pili, bega kwa bega na Mama. Tukaanza. Hatukufika mbali, kiongozi wa kwaya akainua mkono.

"Nani huyo?"

Watu wakaangaliana, kisha wote wakaniangalia mimi.

"Ala!" mama mmoja wa nyuma akasema. "Tumeletewa redio!"

Tulicheka wote, na mimi nikacheka kuliko wote. Kiongozi akanihamishia mwisho wa benchi. Bado. Akaniambia nipunguze. Nikapunguza, lakini sauti ile ukiipunguza inakuwa nyembamba tu, haizami. Wenzangu walikuwa kitu kimoja, na mimi nimekaa juu yao kama mafuta juu ya maji. Mwishoni kiongozi akafurahi, kweli alifurahi, akapiga makofi na kusema, "Basi! Huyu sasa ni wa peke yake. Tutampa solo." Wakanipigia vigelegele. Mama akanibana shavu, na macho yake yaling'aa, na nadhani ndiyo siku aliyoacha kusema bado ninaanza.

Kwa hiyo sikufukuzwa na mtu. Nilipandishwa cheo. Tangu siku hiyo nikawa nasimama mbele, pembeni ya kipaza sauti nisichokihitaji, na benchini kati ya Mama na jirani yake wakaziba nafasi.

Kwenye gari nikamgeukia Koko.

"Koko, umenisikia leo?"

"Nimesikia."

"Na?"

"Iko muzuri."

"Mbona unasema kama mtu anayesifu chakula cha hospitali?"

Akacheka mpaka akakohoa, na Mama akatugombeza wote wawili, na jibu likapotea hapo. Lakini mimi nilikasirika. Nikiwa naosha masufuria nilijaribu kuimba kama zamani, kwa koo, kwa kukwaruza. Kilichotoka kilikuwa kuigiza, mtoto amevaa viatu vya bibi yake. Jumatatu mwalimu akanisikia mara moja.

"Umefanya nini na koo lako?"

Nikamweleza kidogo, kwamba nyumbani tunaimba namna nyingine, na kuna wimbo mmoja niliouahidi. "Koo ni moja," akasema. "Huwezi kuwa na la Jumapili na la Jumatatu. Utaliumiza." Hakuwa mkali. Alikuwa ananilinda, na mimi nilimwamini, na hata leo sioni alipokosea.

Baridi ilipoingia moyo wa Koko ukaanza kuchoka. Walimlaza hospitali, Minneapolis, si mbali na chuo, nikawa natoka darasani napanda treni naenda kukaa naye. Alikuwa na vipira vya hewa puani na bado anagombana. Nesi wake mmoja alikuwa Mkenya, msichana mchangamfu, alinipokea mlangoni na mashtaka: "Shosho wako ni mkali! Nikimpa dawa ananiuliza kama mimi nimezimeza kwanza."

Siku hiyo Koko akaniambia, "Anzisha, nisikie."

"Hapa, Koko? Wagonjwa wamelala."

"Anzisha."

Nikavuta kiti. Nikaimba polepole, "Njia imenichosha." Kisha nikaacha nafasi, nikamtazama. Koko hakuwa mtu wa kuweza kuacha mstari bila kuupokea. Hata akiwa usingizini kanisani, ukianza, anajibu. Sasa midomo yake ilikuwa imefungwa. Alikuwa amenikazia macho, ananisikiliza. Nikasema moyoni, ni pumzi, hana pumzi. Nikaimba mstari wa pili, na wa tatu.

"Wueh!" Ni yule nesi, mlangoni, na trei mkononi. "Mrembo, kumbe una sauti hivyo? Nimeshindwa kupita, nimesimama tu."

Koko akanigeukia. "Umeona?" akasema. "Amesimama."

Nikaona fahari. Mungu anisamehe, nilidhani ananisifu. Nikambusu kwenye paji la uso, nikamwambia mtihani wangu umekaribia, nikiumaliza nitakuja kukaa naye kutwa nzima.

"Lakini utaanzisha," akasema.

"Si niliapa?"

"Bon."

Mtihani wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kusimama mbele ya walimu wachache wameketi mbali kwenye ukumbi mtupu, na mpiga piano pembeni. Niliimba wimbo wa Kiitaliano wa mtu anayeagwa. Niliubeba kila mstari mpaka mwisho na kupita mwisho. Hapakuwa na pengo la kupitisha sindano. Nilipomaliza mwalimu wangu akaja mpaka jukwaani akanikumbatia, akaniambia kwamba kuna watu wanatafuta kitu hicho miaka mingi.

Nilimpigia Mama nikiwa kituo cha treni, mdomo hautulii kwa furaha. Akapokea.

"Mama," akaniita, vile anavyoniita siku zote. Lakini alivyolisema lile neno nilijua. Watu walikuwa wanashuka na kupanda, na mimi nikakaa chini palepale na skafu yangu, nikalia kwa kelele. Sikujali koo.

Msiba ulijaa nyumbani. Viatu vilipanda mlangoni kama kichuguu, magodoro yakatandikwa sebuleni, masufuria yakaja kutoka Eagan na kwingine kote wanakokaa watu wetu. Wanawake waliimba mpaka wakapoteza sauti. Mimi Mama alinikataza. "Yako ni ya kaburini," akasema. "Itunze." Nikakaa pembeni ya kochi la Koko nakunywa tangawizi, naimeza na machozi.

Ardhi ya huku wakati wa baridi ni jiwe. Waliipasha moto kwanza, kisha wakaichimba kwa mashine, wakatandika zulia la kijani pembeni watu tusione udongo. Jeneza lilikaa juu ya mikanda ya kulishushia. Mchungaji akamaliza maneno yake, akanitazama. Shemasi akasogea nyuma kunipisha. Alinipisha kwa heshima sana.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijiambia nitaimba chini, nitaimba kama mtu mchovu, nitaacha sauti ikatike. Nikavuta pumzi. Lakini mwili unafuata ulichofundishwa: mbavu zikafunguka, koo likafunguka, na sauti ikatoka ile ile, kubwa, safi, ikaenda mpaka barabarani.

"Njia imenichosha."

Nikaacha nafasi.

Kimya. Nikainua macho. Watu wote wameinamisha vichwa, mikono wameikunja tumboni. Binamu yangu mmoja ameinua simu ananirekodi. Mama mdomo uko wazi kidogo. Nikafikiri hawakunisikia vizuri kwa ajili ya makofia na skafu, nikarudia, nikaimba kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. "Njia imenichosha!" Hakuna. Walikuwa wamenipa nafasi. Si ndiyo solo? Huyu ni yule msomi wetu, anamwimbia bibi yake, nani atamkatiza? Ni heshima iliyowafunga midomo. Wale wale walioanzishiwa na Koko mazishi ya watoto wao, ya waume zao.

Mikanda ikaanza kushuka. Ina mlio mdogo, wa mashine, na tuliusikia wote kwa sababu hapakuwa na kitu juu yake.

Ikabidi nijibu mwenyewe. "Tua mzigo, tua." Nilianzisha na nikapokea, nikaanzisha na nikapokea, mistari yote, mpaka jeneza likafika chini. Sikukosea noti hata moja.

Nilipomaliza wakapiga makofi. Kaburini! Walikuwa wamevaa glavu, kwa hiyo makofi yenyewe yalikuwa yanafifia, puf, puf, puf. Shemasi akaja machozi yanamtiririka, akanishika mikono yote miwili. "Mama, leo umeimba kweli. Koko wako amefurahi." Kisha akageuka, akaanzisha utenzi mmoja wa kila siku kwa ile sauti yake tamu ya kubembeleza watoto, na wote wakaupokea. Wote. Mchungaji, binamu na simu yake, kina mama wa kwaya. Uliwatoka kwa wingi mpaka mvuke wa midomo yao ukapanda.

Kwenye gari nilikaa mbele, na Mama kwenye usukani. Niliubamiza mlango kwa hasira.

"Kwa nini hamkupokea?" nikamuuliza. "Basi wengine sawa. Hata wewe, Mama? Mama yako mzazi?"

Alivua glavu zake, akaziweka mapajani.

"Nilitaka," akasema. "Haki ya Mungu nilitaka. Nilifungua mdomo. Nikaona kama naingia nyumba ya watu bila kupiga hodi."

Akawasha gari, tukakaa tunangoja barafu iyeyuke kiooni. Baada ya muda Mama akaanza kuimba, chini chini, macho ameyaelekeza kaburini. "Tua mzigo, tua." Lilikuwa jibu peke yake. Akanyamaza kidogo, akaimba tena, "Tua mzigo, tua," akanyamaza tena. Kila mara alikuwa ananiachia nafasi yangu, ya kuanzisha. Na mimi nikakaa namsikiliza, naogopa kufungua mdomo.